Banjo ya kusindikiza

Shoga, niko jikoni kwa wakwe za kaka yangu, nimejificha.

Si unajua anajifunza banjo? Anachojua ni kubonyeza nyuzi mbili tatu na kuzungusha vidole vya mkono wa kulia juu ya nyuzi, basi. Ya kumsindikiza mwimbaji. Sasa mkewe kawaambia wazazi wake eti mumewe ni fundi wa kupiga banjo.

Baba mkwe akamkalisha kwenye kona, kati ya kabati na ukuta. Sebule nzima ikamgeukia. "Haya mwanangu, tuburudishe."

Kaka akazungusha vidole. Akazungusha tena, vilevile. Jasho linamtoka. Baba mkwe akauliza kwa upole kabisa, "Wimbo unaanza lini?"

Shoga. Wimbo unaanza lini.

Kaka akasema, "Baba, mimi najua kusindikiza tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo mama mkwe akaweka kikombe chini. "Basi nisindikize mimi."

Akaimba, na kaka akamfuata vizuri kwa nyuzi zake zilezile. Tukapumua.

Tatizo, mama mkwe haachi kuimba. Kaka akiinua mkono tu aache kupiga, mama mkwe anaanzisha wimbo mwingine. Baba mkwe naye kavuta kiti, kaziba njia ya kutoka kwenye kona.

Ngoja. Wananiita nikaitikie wimbo.