Hatua ya Tano

Shinyanga, 1999

Mdogo wangu Kabula,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia. Huku jua kali na vumbi tupu, ila michembe wanayonilisha, viazi vikavu vilivyopikwa kwa karanga, ni mitamu.

Nilikuja kupima ukurasa wa mtandao wa Bwana Jivan, mfanyabiashara wa pamba. Mnunuzi wake mmoja wa Ulaya ni kipofu kama mimi, na anadai barua inayothibitisha kwamba ukurasa umetimiza kanuni za kutumiwa na wasioona. Kuagiza kuna hatua tano. Nne nilizipita mwenyewe, kompyuta ikinisomea kwa sauti. Kwenye ya tano ikasema "picha", ikanyamaza. Kumbe ndicho kitufe cha kutuma, kimechorwa bila neno lolote.

Bwana Jivan akanyoosha mkono akanibonyezea. "Haya Mama Neema, imekwenda. Nne kwa tano, tumefaulu. Weka sahihi."

"Na huyo wa Ulaya, nani atambonyezea?" nikamuuliza. "Asiyeweza kutuma hajaagiza kitu, hata apite hatua tisini."

Nimechoka kushikwa mkono halafu niambiwe nimefika peke yangu. Sikuweka sahihi. Akanuna, kisha akazima skrini ajaribu mwenyewe kwa sauti tu. Akakwama palepale. Ndipo akaniomba nisubiri ukurasa urekebishwe, nipime upya zote tano.

Kwa hiyo basi la kesho litaondoka bila mimi, na kipaimara cha Neema Jumapili kitanipita. Simama naye badala yangu, umwambie kwamba mama yake alikataa kuandika uongo. Nawapenda, mlale salama.

Dada yako,
Tabu