Bibi wa Ushongo Amekataa

Mama, shikamoo. Moyo umetulia. Siku tatu nimewafundisha wahadhiri na wanafunzi hapa Tanga kwamba habari za mtu hazichukuliwi bila ridhaa yake. Jana tulikwenda kijiji cha Ushongo kwa mazoezi ya kuomba ridhaa. Kila tuliyemwomba alitia saini fomu ya ridhaa bila kuisoma, maana huku mgeni hakataliwi. Nikakata tamaa. Leo tumerudi, na bibi mmoja akammegea mwanafunzi wangu mkate wa kumimina, akamwambia, "Kula, mjukuu wangu. Lakini habari za marehemu mume wangu sikupi." Mwanafunzi akasema, "Ahsante, bibi," akafunga daftari. Nusura niwakumbatie wote wawili!

Sasa mama, kila mwaka darasani nasimulia habari zako, na sijawahi kukuomba ruhusa. Leo naomba. Ukikataa nitafunga daftari. Chakula tu usininyime. Mungu akutunze.

Mwanao, Zaituni