Kisu cha Karatasi na Kifaa cha Kupimia Rangi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limo kwenye jalada, kazini anaitwa Dada Skrini
Umri: miaka 36
Kazi: kusafisha picha kwa kompyuta, studio ya picha
Makazi: vyumba viwili nyuma ya studio hiyohiyo, pamoja na mumewe
Yamechukuliwa: tarehe 17, Alhamisi, saa tisa alasiri

Nimeambiwa niseme ukweli na nisitie chumvi. Mwenye studio ni kaka yangu, tumbo moja. Fundi wa printa ni mume wangu, na kila mtu anamwita Wino. Leo kaka yangu amemkata mume wangu kwa kisu cha kukatia karatasi. Mmoja yuko hospitali, mwingine yuko mahabusu yenu, na mimi niko katikati kama kawaida yangu.

Ugomvi ulianza mnamo tarehe 14, Jumatatu, saa tatu asubuhi. Picha zetu zilikuwa nzuri kwenye skrini, zikifika kwenye karatasi zinageuka rangi. Kaka akaleta vifaa viwili vya kupimia rangi, tuvijaribu hadi Ijumaa, kimoja kirudi dukani. Cha kwanza ni kidogo, unakining'iniza mbele ya skrini na kinapima skrini tu. Cha pili kinapima na karatasi: unachapisha chati ya vipande vya rangi, unakipitisha juu yake mstari kwa mstari, na kompyuta inaiambia printa imimine wino kiasi gani. Kaka alitaka cha kwanza. Wino alitaka cha pili.

Kaka alisema, "Skrini ikiwa sawa, kila kitu sawa."

Wino akamjibu, "Shemeji, mteja haendi nyumbani na skrini."

Kaka hapendi kuchekwa. Alilipiga teke boksi la kifaa cha pili. Wino akamkaba kola na kumbana ukutani mpaka fremu mbili zikaanguka. Niliwamwagia maji ya kudekia ndipo wakaachana. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa wamekaa miaka tisa.

Jumatano tarehe 16, saa nane mchana, alikuja baba mmoja aliyefiwa na binti yake. Alitaka picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza kesho yake saa sita. Wino alichapisha chati kwenye karatasi ya aina ileile, akaniambia, "Iache ilale, mke wangu. Wino mbichi una rangi za uongo. Uipime kesho asubuhi." Kisha akatoka kwenda kutafuta karatasi zaidi.

Kaka alisimama nyuma ya kiti changu. Kila baada ya dakika mbili aliuliza, "Kifaa cha mumeo kimeshindwa, sivyo?" Nilikasirika. Nilitaka yaishe, mmoja ashinde, mwingine anyamaze. Baada ya dakika kumi niliichukua chati nikaipima. Kidole gumba changu cha kulia kiliteleza kwenye kipande cha zambarau na kuacha alama. Niliiona. Niliendelea.

Leo saa mbili asubuhi Wino aliniuliza kama nimeshapima. Nikasema nimepima saa moja. Akachapisha picha kwa vipimo vyangu. Picha ikatoka nzuri kabisa, kwa sababu wino wake nao ulikuwa mbichi, kama wa chati nilipoipima. Baba yule alikuja na fremu yake, tukamwekea picha humo, akaondoka saa tatu.

Saa tano na robo alirudi. Picha ilikuwa imekauka, na uso wa binti ulikuwa wa kijani. Aliilaza kwenye kaunta akasema, "Huyu si mwanangu. Huyu ameoza." Kisha akaipiga fremu kwenye ukingo wa kaunta mara tatu, kioo kikamchana kiganja, akakaa sakafuni. Mimi sikumpa hata kitambaa.

Kaka alimgeukia Wino: "Hicho kifaa chako kimemuua mtoto wa watu mara ya pili." Wino akasema, "Skrini yako ndiyo inayodanganya." Kaka akamzaba kofi. Wino akampiga kichwa cha mdomo, jino likatoka. Hapo Kaka akachukua kisu cha karatasi mezani. Wino aliinua mkono wa kulia kujikinga. Kidole cha shahada kilikatwa hadi mfupa, na cha kati kikabaki kinaning'inia kwa ngozi. Kaka alikiinua kisu tena. Nikachukua stendi ya kamera nikampiga nayo begani mara mbili. Sijutii ile ya kwanza. Ya pili alikuwa ameshadondosha kisu.

Nilimfunga Wino mkono kwa fulana yangu ya kazi. Akaniuliza, "Chati ililala?"

Nikasema, "Ililala."

Afande, Kaka atawaambia kifaa cha pili ni kibovu. Wino, akizinduka kwenye dawa ya usingizi ya hospitali, atawaambia skrini ilidanganya. Vifaa vyote viwili ni vizima. Nilipaswa kusema hivyo pale kaunta, kisu kikiwa bado mezani, na nafasi ilikuwepo. Niliogopa mume wangu atanionaje. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi siiombi. Daktari amesema kidole cha kati hakirudi. Mazishi yamefanyika bila picha.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, na sina neno la kufuta.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kulia)

Maelezo ya askari: Shahidi anajua kusoma na kuandika. Alikataa kalamu. Aliomba chati iliyookotwa studio, kielelezo namba 3, iwekwe mezani, akatia dole gumba kwenye karatasi hii, akaniambia nilinganishe.