Mwalimu Obura Oyoo na Mchezo wa Mgeni Asiyekuwepo

Mwaka umetimia, Mwalimu, tangu tulipokulaza nyumbani Ugenya, Machi 2006, tukarudi Kitengela bila wewe.

Wengi wanakukumbuka kama mwalimu wa Kiswahili, mtu mpole, uliyewasalimia wazee wa Kimaasai "Sopa" na kungoja uitikiwe ndipo uendelee na safari. Madaftari ya watoto ulisahihisha ukiwa umesimama, kwa sababu ukikaa unasinzia. Mkeo Akoth alikuwekea chai dirishani, nawe uliinywa ikiwa baridi, kila siku, bila kulalamika.

Jioni ulisikiliza habari za dunia. Hivyo ndivyo Wakurdi walivyoingia nyumbani kwetu.

Ilikuwa Februari 1999. Kiongozi wao alikamatwa hapa Nairobi, karibu na mlango wetu, akapelekwa Uturuki amefungwa. Serikali yetu ikasema haikuhusika. Ulimweleza Akoth kwamba hao ni watu mamilioni, wana lugha yao na milima yao, lakini wamegawanywa kati ya nchi nne, na wakidai yao wenyewe wanaambiwa wanyamaze. Rafiki yako Katoo, aliyekuwa akiuza mbuzi sokoni Kajiado, alikuwa ameketi hapo na kikombe mkononi. Akasema hao anawaelewa, maana nusu ya ukoo wa mama yake uko ng'ambo ya Namanga, upande wa Tanzania, na mpaka ulipochorwa hakuna aliyewauliza.

Mkaandika mchezo, ninyi wawili. Wewe ulishika kalamu, Katoo akatembea chumbani akitoa sauti. Yeye alikuwa Mheshimiwa, wewe ukawa Mgeni. Watu wanakuja kumtafuta Mgeni, na Mheshimiwa anawauliza, "Mgeni gani?" huku Mgeni akimpitishia sukari. Mgeni akieleza kwamba kwao watu wamegawanywa nchi nne, Mheshimiwa anajibu, "Hapa hatugawi watu. Tunawakabidhi wazima wazima."

Soko la Kitengela lilicheka siku ile mpaka wauza nyanya wakasahau wateja. Akoth alikuwa nyuma ya umati, amembeba binti yenu Cindy mgongoni. Alicheka akafuta machozi. Kisha akawaona wanaume wawili wamesimama kando ya duka la nyama, hawacheki. Alipokuambia ulimjibu kwamba kila mchezo una watu wawili wasiocheka.

Jumamosi iliyofuata mlipeleka mchezo Kajiado, kwenye ukumbi wa kanisa. Hamkuumaliza. Askari waliwachukua wewe na Katoo mbele ya watu, Katoo akiwa bado amevaa tai ya Mheshimiwa.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo hukuambiwa. Akoth ameomba liandikwe hapa, kwa sababu ameshindwa kulibeba mwaka mwingine.

Habari zilimfikia Jumapili asubuhi, akipika uji. Alitoa lile daftari la mchezo chini ya godoro. Ulikuwa umeliandika lote kwa mkono, na hapakuwa na nakala. Alilichana ukurasa kwa ukurasa akalitia jikoni, chini ya sufuria, Shirleen akimwuliza kwa nini anachoma kazi ya baba. Mchana askari walikuja kweli. Walipindua godoro, wakamwaga unga, wakaondoka mikono mitupu. Pengine alikuokoa. Hajawahi kuwa na hakika.

Siku ya tano walikupa karatasi. Ukitia sahihi kwamba hutaigiza wala kuandika mchezo tena, wewe na Katoo mnatoka wote. Ukikataa, mnapelekwa kortini wote. Katoo alikataa, akakuomba nawe ukatae. Lakini ulikuwa umeuona mgongo wake walivyouacha, ukatia sahihi. Mlipotoka nje ya kituo alikuambia, "Mwalimu, umetoka wewe, mdomo umeuacha ndani." Akaelekea sokoni. Hamkusemezana tena mpaka ukafa.

Ulihamishwa ukapelekwa shule moja kule Ewuaso Kedong. Ulikuja nyumbani mwisho wa mwezi ukiwa umekonda. Uliwafundisha watoto vizuri, kila mtu anasema hivyo, lakini nyumbani hukutania mtu tena. Cindy alikua bila kujua kwamba baba yake aliwahi kuchekesha soko zima.

Serikali mpya ilipoingia, watu wakaanza kuwafanyia mzaha wakubwa hadharani, hata kwenye televisheni, na hakuna aliyewakamata. Akoth alikuona ukitazama kwa jirani, umekunja mikono. Asubuhi moja mwaka 2003 ulivaa koti ukasema unaenda Kajiado kuwaomba askari wakurudishie daftari lako. Miaka yote hiyo ulidhani wao ndio waliolichukua. Akoth alisimama mlangoni na kikombe chako. Alitaka kukueleza. Alikuona una furaha, ya kwanza tangu siku zile, akaona aibu, akakuacha uende.

Ulirudi jioni. Ulisema wametafuta, hakuna kitu, na kwamba askari kijana alikuwa na adabu sana. Ulivua viatu ukaviweka sawasawa. Hukulitaja tena daftari, na Akoth naye kila mwezi alijiambia atakueleza mwezi ujao.

Januari 2005 redio ilisema Wakurdi wa Iraki wamepiga kura yao wenyewe, isiyo rasmi, na karibu wote wanataka nchi yao. Shirleen alidhani utafurahi. Ulisema, "Wamepiga kura, na kesho yake wameamka palepale." Ukazima redio. Figo zilikuwa zimeanza kukusumbua, na kufikia mwaka uliofuata hukuweza kusimama ubaoni.

Katoo alipata habari za msiba amechelewa. Alifika Kitengela tukiwa tumeshaondoka na jeneza kwenda Ugenya, akakuta mlango umefungwa. Alirudi mwezi uliofuata, mvi tupu, akaketi mahali pake pa zamani. Alimwambia Akoth kwamba hasira ilimwisha zamani, kilichobaki kilikuwa haya ya kuanza kukusemesha. Alikuwa amekuja kuomba daftari, auigize ule mchezo hata mara moja, kwa ajili yako.

Akoth alimweleza yote, kuanzia jikoni mpaka asubuhi ile ya koti.

 Katoo akasema, "Ungemwambia, Mama Shirleen. Angecheka, halafu angeandika mwingine."

 Akoth anayasikia maneno hayo akiamka, anayasikia akipika. Haombi umsamehe, maana huwezi kumjibu. Anataka tu ujue kwamba si askari waliolichukua.

Unakumbukwa na mkeo Akoth, mabinti zako Shirleen na Cindy, dada yako Aketch, wanafunzi wako wa Kitengela na Ewuaso Kedong, na Katoo, ambaye ameomba aandikwe pamoja na ndugu.

Hatutakusahau, Mwalimu, siku zote zilizotubakia.