Ua la Bondeni Nyuma ya Bafu

Mama,

Shikamoo. Ungekuwa hai ungeitikia marahaba, halafu ungeniuliza kwa nini naandika barua saa za kulima. Nimeshalima. Na lile ua lako limechanua.

Ni lile la buluu la bondeni, lenye majani membamba kama panga, ulilotaka nikupandie kaburini. Nilikupandia, mama, nikaliua mwenyewe. Nililijazia samadi, nikalipalilia kila wiki, na wewe ulishaniambia: "Hili si mgomba, mwanangu. Ukilibembeleza linakufa." Lakini nilikuwa na uchungu, mikono ikitaka kazi. Mizizi ikaoza.

Nikasema masika nitachimba jingine. Kabla ya masika ikaja operesheni ya vijiji. Tulipandishwa lori na sufuria, jembe, na shina moja la ua nililowahi kulichimba bondeni, nikalifunga kwenye kanga na udongo wake. Wewe ukabaki kule Ntobeye bila hata alama.

Huku kijiji kipya nyumba zimepangwa mistari miwili, na ardhi ni kavu. Nilipanda ua mbele ya nyumba, likanyauka. Nikalihamishia chini ya migomba, kivuli kikalizidi. Bwana shamba akasema ni magugu, uwanja ni wa mihogo na maharage. Basi nikalichomeka nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanakopita, ili asilione, nikalisahau. Kumbe ndiko lilikotaka: jua la asubuhi, miguu majini, na hakuna wa kuligusagusa. Sasa ni kichaka kizima.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kuomba barua ya ruhusa ya kusafiri, nikuletee ua. Akasema kule ni mahame, hakuna mtu wa kutembelewa. Nikarudi tena. Akasema sasa ni vita mpakani, asiye na barua anarudishwa njiani, na barua hatoi. Sikwenda mara ya tatu. Nimebanwa, mama. Natoka shamba la kijiji naingia nyumbani, natoka nyumbani naingia shamba la kijiji. Mstari huu wa nyumba nauchukia mpaka kichwa kinauma.

Jana nikifua nyuma ya bafu nikakumbuka jambo. Kaburi lako liko juu mlimani, kwenye changarawe. Hata ningepewa barua, ua hili lisingeishi pale, labda mtu alimwagilie kila siku. Na wewe ulilijua ua hili kuliko sisi wote. Kumbe hukutaka ua, mama. Ulitaka niwe nakuja. Nililia pale pale, sabuni mikononi.

Kwaheri, mama. Ua sitalihamisha tena, nakuahidi. Linafunguka asubuhi na kufumba adhuhuri, nami naoga mapema lipate maji yake. Siku njia itakapofunguliwa nitapita kwanza bondeni nichimbe shina jingine na kuteka maji, kisha nitapanda kwako na mtungi umejaa.

Mwanao,
Veredi