Breki za Kiti cha Damari

Mbeya, 6 Januari 2025

Wifi Devotha,

Sasa hivi Damari kajisukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni, kavuta breki zote mbili, kamwambia kuku, "Haya, pita wewe kwanza." Nimecheka mpaka machozi. Hamjambo huko Iringa? Shemeji Masumbuko na lori lake wazima? Sisi wazima, baridi tu.

Naandika kwa kuwa simu unanikatia. Kesho kutwa kaka yako Abrahamu anamleta Damari aanze shule hapo kwenu, maana huku kwetu kila darasa lina ngazi. Nakuomba: kiti kikisimama, vuta breki zote mbili, hata pakiwa tambarare. Mtelemko ukiwa mkali, mshushe kinyumenyume, wewe ukitangulia chini. Na matairi yajae upepo. Yakilegea, breki hazishiki.

Mama Damari

Iringa, 15 Januari

Mama Damari,

Salamu zimefika. Sisi wazima, mwanao anakula kuliko shemeji yako. Lakini we mwanamke! Mimi mke wa dereva wa lori, leo unifundishe breki za kiti? Upepo nimeupunguza, mtoto asirushwerushwe na mawe. Masumbuko hufanya hivyo kwenye matope. Ukimlea kama yai atakuwa yai.

Shangazi yake

Mbeya, 3 Februari

Wifi,

Hujambo? Na magoti yako hayajambo? Nauliza magoti maana ndiyo yaliyonirudishia mwanangu viganja vimechunika. Abrahamu kamleta juzi, na Damari mwenyewe kanisimulia. Mmetoka kanisani, mko katikati ya mtelemko, ukamwona mama mkwe wako. Ukagusa breki kwa kidole kama unafukuza nzi, ukaachia kiti, ukapiga magoti. "Kamwene mama, kamwene!" Heshima tele! Tairi legelege, breki ikateleza, kiti kikaondoka. Mtoto wa miaka sita akayabana magurudumu kwa viganja vyake, akakigeuza kikagonga ukuta. Wewe bado unaamkia.

Hongera, mke wa dereva.

Mama Damari

Iringa, 9 Februari

Wifi,

Nimejaza upepo. Mwalimu anamuulizia. Mrudishe, nakuomba. Mama mkwe hasemi nami.

Devotha

Mbeya, 16 Februari

Wifi,

Hali hukuuliza, basi nakupa bure: viganja vimepona. Huku anachora herufi ukutani kwa mkaa, ananiuliza na hii je, na mimi kuandika naweza, kufundisha siwezi. Kwa hiyo atarudi. Usifurahi mapema, nakuja naye.

Utakaa kitini wewe, mke wa dereva, nikushushe mtelemko uleule, uso mbele, watu wa kanisani wakitazama. Ukitaka kupiga kelele piga, labda Masumbuko ataleta lori likukinge. Ukishajua mtu anasikiaje mikono ikimwachia, ndipo utashika kiti, na Damari atakwambia lini umeweza. Si mimi, yeye.

Maana siku nikipanda gari kurudi huku peke yangu, wifi, nataka nisigeuke nyuma. Nataka nikuamini. Kwa hiyo tandika chumba cha uani, halafu... Abrahamu ananiita nje, Damari keshafunga kibegi chake na anauliza basi la Iringa lina ngazi ngapi.

Mama Damari