Toa Samaki Kwanza

Marahaba, mjukuu wangu Mbuke. Hapa Kirumba tu wazima, na mama yako ameanza tena kuanika dagaa.

Umeniuliza kama ufute kila kitu, maana kompyuta yako imegoma kuwaka tangu ulipoiwekea mfumo mpya. Nilipokuwa msichana, wavu wa baba ulirudi umejisokota, samaki wamo ndani. Kwa hasira nikashika kisu niukate. Mama akanizuia: "Toa samaki kwanza, we mtoto. Wavu utagombana nao baadaye."

Fundi jirani yetu anasema unaweza kuiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine, ukatoa mafaili yako, ndipo ufute. Fanya hivyo, mama. Mle ndani kuna sauti ya babu yako uliyoirekodi kabla hajafariki, akiniita chai inapoa. Mimi sina nyingine.

Bibi yako